Jinsi ya Kupata Bakodi ya Bidhaa Yako Ukiwa Uganda

Habari zenu, karibuni tena. Leo ni zamu ya bakodi, ile mistari myeusi ambayo keshia huimulika kabla ya kukutajia bei.

Kwanza jiulize kama unaihitaji. Kama unauza kwa WhatsApp, mteja anakulipa kwa simu na mzigo unaondoka na boda, huna haja nayo. Tunza hela zako. Utaihitaji ukitaka kuingia supamaketi, au masoko ya mtandaoni kama Amazon, ambao huilinganisha namba ya bakodi yako na kumbukumbu za GS1.

GS1 ndiyo taasisi inayogawa namba hizi duniani. Fungua gs1.org, tafuta orodha ya nchi, chagua Uganda, nayo itakuonyesha ofisi inayokuhudumia. Kaa na karatasi zako karibu: usajili wa jina la biashara kutoka URSB, ofisi inayosajili biashara, na TIN, yaani namba ya mlipakodi, ya URA, mamlaka ya mapato. Kabla hujalipa, uliza kama ada ni ya mara moja au ya kila mwaka. Uliza tena hata kama umeshajibiwa.

Utakutana na watu mtandaoni wanaouza namba kwa bei ya kutupa. Achana nao. Namba hiyo huenda imesajiliwa kwa jina la kampuni nyingine kabisa, na bidhaa yako ikakataliwa. Ukitilia shaka, ingia Verified by GS1, huduma ya GS1 ya kukagua namba mtandaoni, uandike namba; utaona ni ya nani.

Sasa tazama hapa mezani. Nina karanga za kusaga, chupa ya gramu 250 na ya gramu 500. Hizo ni namba mbili. Ukiongeza simsim, ni namba nyingine. Hesabu bidhaa zako zote kabla ya kuomba, usije ukapungukiwa.

Namba ina tarakimu 13, na ya mwisho ni ya kukagua zilizotangulia. Tuchukue mfano wa zile 12 za kwanza: 200123456789. Anza kushoto. Jumlisha ya kwanza, ya tatu, ya tano, hivyo hivyo mpaka mwisho: unapata 22. Zile zilizorukwa zinatoa 25. Zidisha hiyo 25 kwa 3, ni 75. Ongeza ile 22, jumla ni 97. Kufika kumi inayofuata, yaani 100, zimebaki 3, basi tarakimu ya 13 ni 3. Msiitumie hii lakini! Namba zinazoanza na 2 ni za matumizi ya ndani ya duka.

Na bei haimo kwenye mistari hii. Bei anaiweka mwenye duka kwenye kompyuta yake.

Ukifika Nasser Road, mtaa wa wachapishaji jijini Kampala, kuchapisha lebo, mwambie fundi mistari iwe myeusi juu ya nyeupe. Mistari myekundu inapendeza macho, ila mashine nyingi zinamulika kwa mwanga mwekundu, kwa hiyo haziioni. Upana wa kawaida ni milimita 37 na kidogo, pamoja na nafasi nyeupe za pembeni. Fundi akikata nafasi hizo ili picha ya karanga ienee, mkatalie. Chapisha lebo moja kwanza, uipeleke duka lenye mashine wakuimulikie.

Wenye vitabu, njia yenu ni nyingine: ombeni ISBN, yaani namba ya kutambulisha kitabu, Maktaba ya Taifa ya Uganda.