Mguu Unakumbuka Gari la Jana

Mhadhara kwa madereva wa deiwaka, Nyegezi, Mwanza

Mwangaluka, ndugu zangu. Wakubwa, shikamooni.

Deiwaka, yaani dereva wa kibarua anayeshika gari la mwingine kwa siku, anaishi kwa kubadilisha magari. Jumatatu Hiace ya Igoma, Jumatano Canter ya dagaa kutoka Mwaloni, Ijumaa mtu anakukabidhi IST yake uipeleke Sengerema. Leseni ni ile ile na barabara ni zile zile, ila pedali zimehama. Macho hayaziangalii pedali, yana kazi yao mbele. Anayezijua ni mguu, na mguu unakumbuka gari la jana. Tutakachozungumza leo ni dakika tano za kuufundisha mguu kabla gari halijasogea.

Mpangilio haubadiliki: klachi kushoto, breki katikati, mafuta kulia. Hata magari ya usukani wa kushoto yanayotoka Rwanda, Burundi na Kongo yako hivyo hivyo. Kinachobadilika ni nafasi.

Anza na pengo kati ya breki na mafuta. Gari limezimwa, inama uingize vidole katikati. Vidole vitatu vya mtu mzima ni kama sentimita 5. Sasa tazama kiatu chako: namba 43 ina upana wa kama sentimita 10 pale soli inapotanuka. Kwa hiyo ukilenga breki ukakosea kidogo kulia, ukingo wa kiatu tayari umelalia mafuta. Pengo likiwa la vidole viwili, usiendeshe gari hilo na buti pana. Badilisha kiatu, maana pedali huwezi kuzibadilisha.

Kisha kimo. Magari mengi breki imeinuka kuliko mafuta. Aliyetoka kwenye gari ambalo pedali zake zinalingana ataburuta mguu, na ncha ya kiatu itagonga ubavu wa breki au iingie chini yake. Ukiwa kilomita 60 kwa saa, sekunde moja ya kuhangaika na ncha ya kiatu ni karibu mita 17 za barabara.

Hapa tukae kidogo, kwa sababu kuna jambo ambalo wengi hawaliunganishi. Kimo unachokiona gari likiwa limesimama sicho utakachokikuta ukifunga breki kwa nguvu. Breki ikishuka hufikia usawa wa mafuta, na ikiwa laini hupita hapo kwenda chini zaidi. Ubavu wa kiatu unabaki juu ya pedali ya mafuta na kuikanyaga pamoja na breki. Dereva anasema gari limekataa kusimama, kumbe anafunga breki na kuongeza mafuta kwa wakati mmoja. Chanzo mara nyingi ni upepo ndani ya mabomba ya breki, au breki shuu za nyuma zimeisha na hazijakazwa.

Kwa hiyo kipimo cha pedali ni kipimo cha breki pia. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara 4 au 5 mpaka iwe ngumu, kisha shikilia kwa nguvu ukihesabu hadi 20. Ikizama polepole chini ya mguu, kuna kuvuja au masta ya breki, ile pampu inayosukuma oili ya breki, imechoka. Rudisha funguo kwa mwenye gari, mzungumze kwanza. Ikibaki ngumu, endelea kushikilia na uwashe injini: pedali ishuke kidogo. Isiposhuka, busta, kifaa kinachouongezea mguu nguvu, haifanyi kazi na breki itataka nguvu mara kadhaa ya uliyoizoea. Mguu ukiwa bado chini, angalia kiatu kiko wapi. Kikigusa mafuta, umelijua gari hilo mapema.

La tatu ni upande. Kwenye magari yetu ya usukani wa kulia, pango la tairi la mbele liko kulia kwa dereva, na katika magari madogo linasukuma pedali kuelekea katikati ya gari. Usukani unaelekea kifuani, miguu inaelekea kushoto. Kwenye usukani wa kushoto ni kinyume chake. Usikae mshazari kufuata pedali, maana kiuno kitakulipisha jioni. Makalio yabaki sawa na kiti, paja ndilo ligeuke.

Kiti kirekebishwe kwa klachi, wala si kwa usukani. Zamisha klachi mpaka chini kabisa; goti libaki limekunjika kidogo. Kwenye otomatiki fanya hivyo kwa breki. Baada ya hapo ndipo usogeze mgongo wa kiti mpaka kiganja kifike juu ya usukani bila bega kuachia kiti.

Kisigino ndiyo bawaba. Kiweke sakafuni mbele ya breki, kidogo upande wa kulia, kisha zungusha vidole vya mguu kwenda kwenye mafuta na kurudi. Ukirudi, angalau nusu ya upana wa soli iwe juu ya breki. Isipofika nusu, gari hilo si la kuzungusha kisigino: nyanyua mguu mzima kila unapohama. Mwenye miguu midogo hukutana na hili kwenye Canter na Land Cruiser za zamani, na si ubovu wa udereva. Fanya mara 20 injini ikiwa imezimwa, macho yakiwa kwenye kioo cha mbele. Mara tano za kwanza utakosea. Ndiyo maana tunazifanyia hapa, si kwenye mteremko wa Bugando.

Malori. Kwenye mengi ambayo dereva anakalia injini, nguzo ya usukani inashuka katikati ya klachi na breki. Buti lililovukia upande wa pili linanasa nyuma ya nguzo hiyo, kwa hiyo kila mguu ubaki upande wake. Penye breki za upepo, pedali nyingi zimefungwa bawaba sakafuni na ni nyepesi. Kinachofanya kazi ni upepo, nguvu za paja hazihitajiki. Aliyetoka kwenye Noah akiikanyaga kama alivyozoea, magunia yanahamia mbele. Wala usiipampu, unamaliza upepo kwenye mitungi.

Otomatiki ina hatari yake, hasa kwa aliyezoea gia za mkono. Mguu wa kushoto unatafuta klachi, unakuta breki pana, unaizamisha yote. Gari linasimama ghafla Barabara ya Nyerere na bodaboda iko nyuma yako. Vuta mguu wa kushoto nyuma, uegemeze pembeni, uache hapo safari nzima. Wako wanaotumia miguu yote miwili, mmoja breki, mwingine mafuta. Tunawaomba waache: mtu akishtuka hukaza miguu yote miwili.

Na kurudi nyuma: unapogeuza kiwiliwili kutazama, nyonga inageuka na kisigino kinasogea bila wewe kuhisi. Geuka kwanza, kisha hakikisha breki kwa mguu, kisha ndipo uachie.

Sakafu ya gari la watu usiiamini. Agosti 2009, karibu na San Diego, Marekani, Lexus ya kuazima ilinasa pedali ya mafuta kwenye zulia la mpira ambalo halikuwa la gari hilo. Watu wanne walikufa, na aliyekuwa anaendesha alikuwa askari wa doria ya barabara kuu, mtu mzoefu. Hapa kwetu tunaweka zulia juu ya zulia ili matope ya Mwaloni yasiharibu la chini. Toa moja. Toa na chupa ya maji. Ile ya nusu lita ikibingirika nyuma ya breki, breki haishuki. Magamba ya samaki na mchanga vipanguswe kwenye mpira wa pedali, na mpira uliolika mpaka chuma kinang'aa ubadilishwe. Kandambili hapana: ncha yake hujikunja chini ya breki.

Mafuta yakinasa ukiwa mwendoni, funga breki mara moja kwa nguvu na usiachie. Ukipampu huku injini inanguruma, busta inaishiwa nguvu na pedali inakuwa kama jiwe. Zamisha klachi, au kwenye otomatiki sukuma gia kwenye N, yaani gia huru. Injini ipige kelele, iache. Usichomoe funguo, usukani utajifunga.

Pantoni ya Kamanga ni mtihani wa haya yote, kwa sababu unapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na bampa la mwenzako liko hatua moja mbele. Kabla ya foleni kusogea, tafuta klachi inaposhika: handibreki juu, gia ya kwanza, achia polepole bila mafuta mpaka pua ya gari inyanyuke. Rudia mara tatu. Kisha panda kwa klachi na breki tu, mguu wa kulia usiende kabisa kwenye mafuta mpaka mteremko udai.

Magari manne yako uwanjani. Viatu vyenu viangalieni, wenye kandambili wavue. Tunaanza na Canter.