Gawanya Kila Jozi: Namna ya Kutambua Uwiano wa Moja kwa Moja

Karibuni. Shika penseli, daftari na kikokotoo, kisha nakili jedwali hili la bei ya mchele: kilo 2 kwa shilingi 5,600, kilo 3 kwa 8,400, kilo 7 kwa 19,600. Je, bei na uzito vina uwiano wa moja kwa moja, yaani uzito ukiwa mara mbili, bei nayo inakuwa mara mbili?

Gawanya bei kwa kilo, jozi moja baada ya nyingine. 5,600 kwa 2 ni 2,800. 8,400 kwa 3, 2,800. 19,600 kwa 7, tena 2,800. Jibu halibadiliki, basi uwiano upo, na hiyo 2,800 ni bei ya kilo moja. Kama kuna gramu, zigeuze kwanza ziwe kilo: gramu 500 iandikwe 0.5.

Usiishie jozi mbili za mwanzo. Ongeza kiroba cha kilo 25 kwa shilingi 67,500. Hapo kilo imeshuka hadi 2,700, na jedwali zima limepoteza uwiano. Jozi moja ikikataa, zote zimekataa.

Sasa tazama kwa makini, maana hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Teksi inatoza shilingi 1,000 za kuanzia, halafu 500 kwa kila kilomita. Kilomita 2 ni 2,000, kilomita 4 ni 3,000, kilomita 6 ni 4,000. Mwanafunzi anaona nauli inapanda elfu moja kila mara, anaandika "uwiano upo". Gawanya: unapata 1,000, kisha 750, kisha karibu 667. Uwiano haupo! Kupanda kwa hatua sawa hakutoshi. Kilomita zikiwa mara mbili, nauli nayo lazima iwe mara mbili. Kinachoharibu ni ile elfu ya kuanzia, kwa sababu unadaiwa hata kabla gurudumu halijazunguka.

Kwenye grafu, mistari yote miwili imenyooka. Wa mchele, ukiacha kile kiroba, unapita kwenye nukta ya sifuri, sifuri. Wa teksi unakata mhimili wima kwenye 1,000. Kwa hiyo soma namba za mihimili kabla ya kuamini macho: aliyechora akianzisha mhimili wima kwenye 1,000 badala ya 0, mstari wa teksi utaonekana unatoka kwenye kona, kama wa mchele.

Kosa lingine ni kukadiria mapema. Chukua jozi 3 na 10, kisha 7 na 23. Ukigawanya na kubakiza desimali moja, zote zinatoa 3.3. Zidisha kimsalaba: 3 mara 23 ni 69, 7 mara 10 ni 70. Hazilingani, basi hakuna uwiano.

Simamisha video hapa. Mraba wenye upande 1, 2, 3 una mzingo 4, 8, 12 na eneo 1, 4, 9. Kipi kina uwiano na upande, mzingo au eneo? Gawanya jozi zote sita.