Kabla Hujanunua Jani la Fedha, Likwangue

Ndugu zangu, naanza na jani, maana hapo ndipo bustani nyingi za Dodoma zinapoharibikia. Mtu ana mwarobaini mkubwa uani, ukoka umekataa chini yake, anakwenda kitaluni kutafuta ua la kutambaa lenye majani ya rangi ya fedha. Anauziwa chochote kinachong'aa.

Fedha za majani ni za namna mbili. Kuna ya vinyweleo. Jacobaea maritima, mmea wa pwani za Mediterania, umevikwa vinyweleo vyeupe kama sufi vinavyoukinga na jua kali. Kwangua kwa ukucha: weupe unatoka, kijani kinabaki. Huo unataka jua la kutwa. Uweke kivulini, utarefuka na weupe utafifia. Ukizidisha maji, unaoza shinani. Halafu kuna fedha ya hewa: ngozi ya juu ya jani imeachana kidogo na nyama ya kijani, na mwanya huo unarudisha mwanga. Ndiyo michirizi ya Tradescantia zebrina, kitambaazi kilichotoka Mexico na Amerika ya Kati, zambarau mgongoni, viua vya waridi vyenye petali tatu. Kwangua, fedha haifutiki. Huo ndio wa kivulini. Basi omba jani moja kabla ya kulipa. Muuzaji akinuna, mwache anune!

Atatokea wa kuniuliza: mbona bustani za Ulaya zina mmea wa kutambaa uitwao Lamium maculatum? Ni kweli, nao ni wa kivuli na fedha yake ni ya hewa. Lakini unataka ubaridi na udongo usiokauka. Joto letu la Oktoba na Novemba litaumaliza.

Na kivuli si giza. Chini ya mwembe uliofunga, zebrina hurefuka na michirizi hufifia. Punguza matawi ya chini mpaka madoa ya jua yapite. Jua kavu la saa nane, hapana, linababua majani.

Kupanda: acheni jembe, linakata mizizi ya mti. Tumia koleo dogo katikati ya mizizi, kina cha sentimita 10 hadi 15, udongo madebe mawili kwa debe moja la samadi iliyooza kabisa, mbichi inaunguza. Msirundike kifusi shinani kwa mti. Kata vipande vya zebrina vya sentimita 10, zika vifundo viwili, yaani pale jani linapotokea kwenye shina, acha sentimita 20 kati yake. Fanya hivyo Desemba au Januari mvua zikishashika. Msimu wetu ni mmoja tu, na kipande cha mwishoni mwa Machi kinakutwa na kiangazi mizizi ikiwa bado michanga. Kiangazi, mwagilia asubuhi kidole kikikuta pakavu, maana mti nao unayanywa maji hayohayo.

Muda umebana. Vumbi na ukame huleta utitiri: osha majani kwa chini. Utomvu huwasha ngozi za baadhi ya watu, na mbwa pia, vaeni glavu. Vipande mlivyokata msivitupe mtaroni. Kifundo kimoja kinatosha kuota, na mvua itakipeleka korongoni. Vianikeni juu ya bati mpaka vikauke kabisa.