Barabara ya Kirumi Chini ya Wangwa wa Venice

Waheshimiwa wageni, walimu wangu, na wanafunzi wa historia,

Jioni ya leo nitajifunga na mahali pamoja, napo ni mkondo wa Treporti, njia ya maji iliyomo kaskazini mwa wangwa wa Venice nchini Italia, yaani maji ya kina kifupi yaliyotengwa na bahari kwa ukanda wa nchi kavu. Mwaka 2021 watafiti walioongozwa na Fantina Madricardo, mtaalamu wa sayansi za bahari, walitangaza kwamba chini ya mkondo huo yamo mabaki ya barabara ya Warumi. Naomba tulipime neno hilo "barabara", kwa sababu hakuna chombo kinachoweza kulitamka. Chombo cha kupimia chini ya maji husema kina tu.

Manahodha wa zamani walipotaka kujua kina walitia bildi: kipande kizito cha madini ya risasi kiliteremshwa kwa kamba hadi kikagusa chini, kisha kamba ikapimwa. Kila bildi ilitoa nukta moja, na yaliyokuwa baina ya nukta mbili hayakujulikana. Sona ya miale mingi hufanya kazi ile ile kwa sauti, ila hupima mamia ya nukta kwa mpigo mmoja, zikiwa zimetandazwa kutoka upande huu wa mashua hadi upande wa pili. Sauti hukimbia majini takriban mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo penye kina cha mita 5 mwangwi hurudi kabla haijatimia hata sehemu moja ya mia ya sekunde. Kwa muda mfupi hivyo, kuyumba kwa mashua, joto na chumvi ya maji, pamoja na kujaa na kupwa, vyote huweza kuipotosha ramani visiposahihishwa. Katika wangwa, ambamo maji ya mito hukutana na ya bahari, usahihishaji huo ndio kazi yenyewe, nami naona haupewi heshima unayostahili.

Mikondo ya wangwa huo ilipimwa kwa sona mwaka 2013. Katika Treporti ilijitokeza miundo 12 iliyojipanga kuelekea kaskazini mashariki kwa umbali wa mita 1,140. Mrefu kuliko yote ulifika mita 52.7, na kimo cha juu kabisa kilikuwa mita 2.7. Mstari ulionyooka kwa zaidi ya kilomita moja humfanya mtu ajiulize, lakini peke yake hauthibitishi kitu.

Uzito uliokosekana ulitoka kwa watu. Katika miaka ya 1980 mtafiti Ernesto Canal alikuwa ameeleza juu ya mawe yaliyoonwa na wazamiaji mahali hapo, yanayofanana na yale ambayo Warumi walitandazia barabara zao. Kwa miongo mingi alishikilia kwamba wangwa ulikaliwa na watu kabla ya mji wa Venice kuwapo, na wengi walisita kumkubali, kwa kuwa masimulizi yaliyozoeleka husema kwamba watu wa kwanza walikuwa wakimbizi waliokuja dola ya Kirumi ilipokuwa ikianguka. Ramani ya sona iliwekwa kando ya kumbukumbu zake, wazamiaji wa polisi wakashuka tena kuyatazama mawe, na uchunguzi wa mashapo, yaani mchanga na tope lililotuama chini ya maji, ukaonyesha kuwa miundo hiyo imekaa juu ya tuta la mchanga, ufuo wa kale uliokuwa nchi kavu enzi za Warumi. Tangu wakati huo bahari imepanda na ardhi yenyewe imedidimia. Ni kwa kuunganisha mambo hayo yote ndipo neno "barabara" linapopata miguu ya kusimamia. Huenda wasafiri waliifuata kutoka upande wa mji wa Chioggia, kusini mwa wangwa, wakielekea kaskazini mwake.

Katika mkondo huo huo imepatikana miundo mingine minne, yenye kimo kinachofika mita 4, na mkubwa wao una urefu wa mita 134.8. Kwa kulinganisha vipimo vyake na vya miundo iliyopatikana kwingineko, inadhaniwa kuwa lilikuwa gati. Nalisema hili kwa tahadhari, kwani vipimo kufanana si sawa na kuthibitishwa. Lakini kama kweli ni gati, basi si kazi ya wapita njia. Gati la ukubwa huo hujengwa na watu wenye shehena ya kupakia na kupakua mwaka baada ya mwaka, na watu wa namna hiyo ndio ambao Canal alikuwa akisema waliishi pale.