Barua Si Jembe

Shikamooni wazee wangu wa safu ya mbele. Vijana, hamjambo. Feni ikinishinda sauti, ninyoosheeni mkono.

Nimeombwa niseme habari za mcheza ngoma anayehamia kwenye runinga. Naanza na fedheha yangu mwenyewe. Nilikuwa nimecheza sindimba miaka tisa, naringa. Siku ya kwanza mbele ya kamera nikapewa kazi moja tu: pokea barua, isome. Nikaipokea kwa mkono mzima, bega likashuka, macho yakaruka kutafuta watazamaji wa nyuma ambao hawakuwepo. Mwongozaji akasimamisha. "Kaka, hiyo ni barua, si jembe la bugobogobo." Bugobogobo ni ngoma ya Wasukuma inayochezwa na majembe. Mpaka mshika taa alicheka.

Nilikasirika, lakini alisema kweli. Chuo cha Sanaa cha hapa Bagamoyo kilipoanza, 1981, Bara hatukuwa na runinga. Stesheni zilikuja 1994. Zanzibar walitutangulia tangu 1973. Kwa hiyo tulilelewa na jukwaa: aliyekaa mwisho kabisa lazima aone kiuno kinasema nini. Kamera iko dhiraa moja na pua yako. Ukipandisha nyusi, umeshapiga kelele.

Mtazameni Debbie Allen, Mmarekani mweusi wa Houston. Utotoni aliomba kuingia shule ya ballet mjini kwao, wakamkataa. Alikuja kupokelewa baadaye. Mwaka 1980 alikuwa Broadway, majukwaa makubwa ya New York, akiimba na kucheza kama Anita katika mchezo wa nyimbo na dansi, West Side Story. Miaka miwili baadaye runinga ikamjulisha kwa watu wengi katika tamthilia ya Fame, na ikampa nini? Mwalimu wa dansi! Ndivyo wanavyotufanyia hata huku: harusi ikitokea kwenye hadithi, tunaitwa, mwenye maneno anatafutwa kwingine. Yeye hakukaa hapo. Akatunga mitindo ya dansi, akashika uongozaji, na mwaka 2011, akiwa na miaka 61, akaingia tamthilia ya hospitali, Grey's Anatomy, kama daktari mpasuaji. Huko hakuitwa kwa ajili ya kucheza. Lakini angalieni anavyoingia mlangoni: chumba kizima kinajipanga upya.

Sasa, msidhani mnakwenda kule mikono mitupu. Tendo moja hupigwa picha mara sita, saba, kwa pembe tofauti, na kila mara lazima lifanane na la mwanzo. Niliwahi kuigiza na kijana hodari wa maneno, ananizidi mbali. Mara ya kwanza alinyanyua kikombe kwa mkono wa kulia kabla ya kusema "mama". Mara ya tatu, kushoto, baada ya "mama". Ikabidi turudie saa nzima, chai imeshaganda utando. Mimi nilikuwa nahesabu moyoni kama niko nyuma ya ngoma: pigo la tatu, mkono, la tano, meza. Sikukosea hata mara moja, na mwongozaji yule wa barua ndiye aliyeniita tena mwezi uliofuata. Malipo yalichelewa, hiyo hadithi tuiache.

Na ile alama ya utepe sakafuni, ya kukuonyesha pa kusimama, wengine huitazama kwa jicho la wizi, na kamera inawaona. Mguu wa mcheza ngoma unaijua.

Wewe wa fulana ya kijani, njoo. Chaki hiyo pale, hatua nne. Fumba macho, nenda ukasimame juu yake. Wengine msimhesabie.