Bunge Huridhia Mkataba, Tarakimu Hupita Kando

Ndugu zangu, hapa kwetu mjadala wa mikataba ya tabianchi huwaka wakati wa kuridhia, kisha huzimika. Naona huzimika mapema mno, maana mzigo wenyewe huandikwa baadaye.

Tuanze na njia yenyewe. Tanzania ilisaini Mkataba wa Paris, ule wa dunia wa kupunguza gesijoto (hewa zinazoongeza joto duniani), tarehe 22 Aprili 2016, lakini hati ya kuridhia iliwasilishwa Umoja wa Mataifa tarehe 18 Mei 2018. Katikati hapo kuna Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba, inayolipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ya aina hii. Hati ikishawasilishwa, siku ya 30 mkataba unaanza kutubana. Wala huchagui vifungu: unauchukua wote au unauacha.

Marekani walipita njia nyingine. Mwaka 1997 Seneti yao ilipiga kura 95 kwa 0 kukataa mkataba wowote usiozibana nchi zinazoendelea, na Itifaki ya Kyoto, mkataba wa tabianchi uliotangulia Paris, haikupelekwa kwao kuridhiwa. Paris wakaingia 2016 kwa mamlaka ya Rais bila Seneti. Matokeo mmeyaona: wakatoka Novemba 2020, wakarudi Februari 2021, na Januari 2025 wakatoa tena notisi ya kujitoa. Anayelalamika kwamba Bunge letu linachelewesha mambo analaumu kinga yetu.

Kuna jambo linalosahaulika sana tukiwa Dar. Mambo ya nchi za nje ni ya Muungano. Mazingira si ya Muungano. Bara tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, Zanzibar wana yao ya 2015. Wasiposhirikishwa mapema, Serikali ya Muungano inaahidi duniani kitu ambacho utekelezaji wake visiwani hauko mikononi mwake.

Sasa tarakimu. Mkataba wa Paris hauipangii nchi kiwango. Kila nchi huandaa Mchango wake, yaani ahadi yake ya kupunguza gesijoto, na kupeleka mwingine kila baada ya miaka 5, na unaofuata unatakiwa upite ule uliotangulia kwa juhudi. Mchango wetu wa 2021 unaahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030. Asilimia ya nini? Ya kiasi tunachokadiriwa kutoa mwaka huo tusipochukua hatua yoyote. Ukibahatisha mkaa unaoingia Dar, au ukikosea eneo la misitu linalofyekwa, makadirio hayo yanapanda au kushuka na ahadi nzima inayumba. Katiba hailazimishi tarakimu hizi zipite Bungeni. Kwangu hilo ni pengo kubwa. Mbunge aulize: nani amepima, kwa takwimu za mwaka gani, na sehemu ipi ya ahadi inasubiri fedha za nje?

Wapo wanaosema tujitoe kwa kuwa uchafuzi mkubwa si wetu. Ni kweli si wetu, ila kujitoa ni kujinyima. Ukuta wa bahari kando ya Barabara ya Barack Obama, hapahapa mjini, umejengwa kwa fedha za mifuko iliyotokana na mikataba hii. Adhabu nayo isitutishe: kamati ya Ibara ya 15 ya Mkataba wa Paris, inayofuatilia utekelezaji, haitozi faini.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni biashara ya kaboni, yaani kuuza tani za gesijoto zilizozuiwa zisiingie hewani. Tuna kanuni tangu 2022, na vijiji vingi sasa vinafuatwa na wanunuzi. Kijiji kikiuza tani, na Serikali ikaidhinisha zihesabiwe na nchi nyingine, Ibara ya 6 ya Mkataba wa Paris inatutaka tuzitoe kwenye hesabu yetu, kwa sababu tani moja haihesabiwi mara mbili. Tuseme tumeuza tani milioni 5: ili ahadi yetu itimie, hizo milioni 5 lazima tuzipate kwingine. Na kwa kawaida zinazouzwa kwanza ni zile rahisi, za kulinda msitu uliopo. Zinazobaki ni za viwanda na magari, ambazo ni ghali. Kwa hiyo kabla ya kuidhinisha, ijulikane gharama ya tani itakayoziba nafasi hiyo, na bei ya mnunuzi isiwe chini yake. Na Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni, pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, kiwe kimeziandika tani hizo kabla kijiji hakijatia saini.