Mikate Minane, Dirhamu Nane: Kila Mtu Achukue Ngapi?

Ndugu wasikilizaji, tuanze na hesabu ambayo wengi wenu mmeisikia madrasa au barazani, ile inayonasibishwa na Imamu Ali. Watu wawili wamekaa kula, mmoja ana mikate mitano, mwenzake mitatu. Anapita msafiri, wanamkaribisha, na wote watatu wanakula sawa kwa sawa mpaka mikate inakwisha. Msafiri anaondoka akiwaachia dirhamu nane. Wagawane vipi?

Wengi hujibu haraka: tano kwa tatu. Jibu hilo linamdhulumu mwenye mikate mitano, maana linamlipa mwenzake kwa mkate alioula mwenyewe. Msafiri hakulipia mikate minane, amelipia alichokula yeye.

Tazameni ubaoni. Mikate 8 kwa watu 3, kila mmoja amekula 8/3. Mikate 5 ni 15/3. Toa 8/3, zimebaki 7/3 zilizoliwa na msafiri. Mikate 3 ni 9/3. Toa 8/3, imebaki 1/3. Asili, yaani namba ya chini, ni ile ile 3, kwa hiyo tunalinganisha viasi tu, yaani namba za juu: 7 kwa 1. Wa mitano anachukua dirhamu saba, wa mitatu moja. Fibonacci, mwanahisabati wa Pisa huko Italia, naye aliweka swali la aina hii katika kitabu chake cha mwaka 1202: mikate mitatu na miwili, sarafu tano, na jibu ni nne kwa moja.

Sasa tulete mchele. Watu watatu wanapika pamoja na kula sawa. Wa kwanza ametoa kilo 40, wa pili kilo 20, wa tatu ametoa shilingi 60,000. Kila mmoja anakula kilo 20. Wa pili amekula mchele wake wote, hapati hata senti. Zote 60,000 ni za wa kwanza. Hapa ndipo ugomvi huzuka, kwa sababu wa pili anasema, "Na mimi nilitoa!" Kweli alitoa, lakini hakumlisha mwingine.

Biashara ni jambo jingine, msichanganye. Mtaji hauliwi na mwenyewe, basi faida hufuata mtaji. Na kama muda umetofautiana, na mmekubaliana muda uhesabiwe, zidisha mtaji kwa miezi: 300,000 kwa miezi 12 ni 3,600,000, 600,000 kwa miezi 4 ni 2,400,000. Wa kwanza apate 3/5 ya faida, wa pili 2/5, ingawa fedha za wa pili ni nyingi mara mbili. Rudisheni mitaji kwanza, ndipo mgawe faida.

Jambo la mwisho: msikimbilie desimali. Ukiandika 7/3 kuwa 2.3 na 1/3 kuwa 0.3, mgawo wa dirhamu nane unakuwa 7.08 kwa 0.92. Kwenye shilingi milioni nane, kosa hilo linakaribia elfu themanini. Bakini na sehemu mpaka mstari wa mwisho, ndipo mkadirie.